Pedali Mbili kwenye Chuma Kimoja

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoamriwa kuvua viatu nikiwa mwanaume mzima mwenye ndevu, tena na mzee aliyenifika begani. Usicheke kwanza. Ngoja umalize kusikia.

Nilikuwa fundi kwenye garaji ya Mzee Haruna, huku Jabe, nyuma ya soko. Fundi wa kujiona! Sijamaliza hata miaka mitatu kazini, na tayari natembea kifua mbele. Asubuhi hiyo akaja Mama Beatrisi wa Buterere na pikapu yake kuukuu, iliyoingiwa na maji ya mafuriko mpaka kwenye viti. Ndiyo aliyokuwa akipandia milimani kuchukua viazi, na kinamama wenzake hukaa nyuma juu ya magunia. Shida ilikuwa hii: ukikanyaga freni, pedali inazama na kubaki huko chini. Ukikanyaga ambreyaji, yaani klachi, freni nayo inafuata.

"Kesho alfajiri napanda," akasema. "Itakuwa imepona?"

"Mama, hesabu imepona," nikamjibu, na mlango wa gari sijaufungua.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye magari yale ya zamani pedali zote mbili zinaning'inia kwenye chuma kimoja kilichopita katikati yake. Chuma kile kilishika kutu, pedali zikang'ang'aniana. Dawa ni kukichomoa, na kimejificha juu kabisa nyuma ya dashibodi, mahali pa kulala chali, kichwa chini miguu juu. Nikaona uvivu. Nikakimwagia oili, nikakigonga kidogo, halafu nikakata ukanda wa mpira, ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli, nikaufunga ili uivute freni juu. Nikakanyaga, ikarudi. Nikajisifu, nikaenda kunawa.

Lakini garaji ile ilikuwa na desturi yake: aliyegusa freni ndiye anayeteremka nayo mlima mara ya kwanza, na Mzee Haruna anakaa pembeni yake. Mzee akaja, akavua viatu, akakanyaga pedali mara mbili kwa mguu mtupu, macho ameyafumba. Akahamia kiti cha pili.

"Haya, we, panda. Twende juu, halafu tuteremuke."

Tukapita Mutanga Sud, tukaanza kupanda. Kila nikibadilisha gia, freni inakamata kidogo. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, nami najifanya naangalia barabara. Juu kabisa nikageuza gari, pua ikatazama mji na ziwa huko chini kabisa.

"Teremuka," akasema.

Mwanangu, mkono ulikataa. Nilimwona Mama Beatrisi kwenye usukani huu huu, kinamama nyuma yake juu ya magunia, freni imepata moto mpaka haishiki tena. Nikavuta freni ya mkono, nikazima injini.

"Mzee, nimefunga mpira. Chuma sikukitoa."

"Najua. Muguu uliniambia kulekule garaji."

"Ulijua, na ukapanda?"

"Kupanda mi sikuogopa. Kuteremuka ningekukatalia, ningechomoa funguo. Nilitaka kuona kama we pia unajua."

Akainama, akavuta mfuko wa vyombo chini ya kiti. Alikuja navyo! Mzee yule akajilaza kichwa chini, miguu ikaegemea kiti, akafanya kazi bila tochi, kwa ncha za vidole tu, huku ananong'ona "Bismillahi" kila nati ikilegea. Hakutumia nguvu hata kidogo. Aligonga kwa kipande cha ubao, akasikiliza, akagonga tena, na chuma nilichokionea uvivu mimi kikatoka mkononi mwake kimewiva kwa kutu. Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Sijawahi kumwona mtu akikijua kitu kiasi kile.

Kisha akanipa ule mpira wangu. Ukingo wa chuma ulikuwa umeshaukata nusu, kwa ile safari fupi tu.

Nilisugua kutu mimi mwenyewe mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, tukarudisha.

"Vua viatu," akasema.

Nikavua. Pedali ikashuka laini, ikanirudia, ikasukuma unyayo wangu kama ndama anavyokusukuma kwa pua. Ile nyingine haikutikisika. Machozi yalinitoka, sijui kwa nini. Tukateremka polepole, Mzee ametulia, mikono magotini.

Mama Beatrisi alikuwa anangoja. "Imepona?"

"Sasa imepona, Mama. Asubuhi nilikudanganya."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Akanitazama sana. "Na we mwenyewe umeteremka nayo?"

"Nimeteremka nayo."

Akachukua funguo. Alfajiri akapanda milimani, na jioni nilimwona akipita na viazi vyake na kinamama wake wote, wanaimba.

Basi hilo ndilo neno langu, mwanangu. Kazi yoyote utakayompa mtu, iwe gari, nyumba au dawa, teremka nayo wewe kwanza. Mkono wako ukikataa, usione aibu: zima injini, useme, ufungue upya. Mungu akupe mguu unaosikia na mdomo usiochelewa kukiri, na wote watakaoamini mikono yako wafike chini salama, wakiimba.