Dawa Niliyompaka Binti Yangu

Nimewanyoosha nywele wanawake wa mtaa wetu wa Isevya kwa miaka mingi, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba wote wale walikuwa wajinga. Walikuja kwa miguu yao, wakakaa kwenye kiti changu, wakaondoka wakijiangalia kwenye kila kioo cha pikipiki. Mimi mwenyewe niliweka dawa mara tu nilipomaliza kidato cha nne na kuagana na kipara cha shule. Kwa hiyo ninayosimulia hapa si mahubiri. Ni kosa langu, na bado linaniuma.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, anajiandaa kupokea komunyo ya kwanza. Sisi kinamama wa watoto wa mafundisho tulikaa kikao tukakubaliana: magauni ya kitambaa kimoja, mataji ya maua meupe, na nywele za dawa zilizobanwa nyuma ili mataji yakae sawa. Hilo la nywele nililileta mimi. Nilisema kipilipili kinasukuma taji juu, picha zitaharibika. Hakuna aliyebisha. Zamani mji wetu ulipitiwa na misafara ya Waarabu kutoka pwani, na baadhi ya watu wake hawakurudi walikotoka. Tangu utoto wangu, ukisema nywele nzuri watu wanajua unawasema wasichana wa zile familia za Kiarabu za mjini, ambao nywele zao zinalala zenyewe. Tulilikubali hilo kama tunavyokubali joto la Oktoba.

Nikasema nitaanza na wangu, wiki mbili kabla, wenzangu waje waone.

Kila msusi anajua kwamba anayekuja kuweka dawa hatakiwi kukuna kichwa siku hiyo, wala kuchana kwa nguvu. Ngozi ikichubuka tu, dawa inaunguza. Onyo hilo nawapa wateja hata nikiwa nimechoka namna gani. Lakini asubuhi ile niligundua mtoto ana mba. Binti wa msusi, na kinamama wako njiani kuja kutazama. Niliona aibu. Nikachukua kitana cha meno madogo nikaukwangua mba wote mpaka kichwa kikawa safi, nikampaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikioni, kisha nikavaa glovu nikaanza kazi. Ndiyo, najua. Nimejiuliza mara nyingi siku ile akili yangu ilikuwa imekwenda wapi.

Alikaa kimya kabisa. Kwenye benchi kinamama watatu walikuwa wakimsifu. "Huyu katulia," mmoja alisema. "Wangu angekuwa ameshalia mpaka wakamsikia kule Kipalapala." Nikavimba kichwa, nikaiacha dawa ikae muda uleule ninaowapa watu wazima. Nilipomwinamisha kwenye beseni, maji yalitoka na wekundu, na vishungi vya nywele vikabaki mkononi mwangu. Nikamgeuza uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mdomo kaubana.

"Mbona hukusema?"

"Si wateja unawaambiaga wavumilie," alinijibu. "Unasemaga wakivumilia ndiyo zinanyooka."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananirudishia somo nililomfundisha. Miaka yote hiyo alifanyia kazi zake za shule kwenye kona ya saluni, nami sikujua kwamba anasikiliza. Vidonda viliniogopesha, lakini si kama hilo. Niliogopa kwamba nimemzoeza mtoto kunyamaza akiungua mikononi mwa mama yake, na kwamba kesho, mikononi mwa mtu mwingine, atanyamaza vilevile.

Zahanati walitupa dawa ya kupaka. Mama yangu alikuja kutoka Usoke, akakaa na mjukuu wake uani na kumpunguza nywele zilizobaki kwa mkasi, polepole, akizunguka kila kidonda. Mimi alinisemesha bila kuniangalia, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Mayu, wewe nilikusuka kwa uzi mpaka ukavunja ungo. Nani alikwambia una kichwa kibaya?" 

Nilirudi kwa kinamama nikawaambia wazo langu lilikuwa baya. Baadhi walinielewa. Wengine waliwapeleka watoto wao kwa msusi mwingine, na mmoja alininunia mpaka Krismasi. Siku ya komunyo binti yangu alikwenda na kichwa chake kifupi, taji likimshukia kwenye nyusi, naye akilisukuma juu kwa kidole huku akicheka. Bibi yake alipiga vigelegele padri akiwa bado hajamaliza kusema. Nililia sana, nusu kwa aibu.

Kazi sijaiacha. Mtu mzima akitaka dawa namwekea, kichwa ni chake. Ila sasa nakaa naye, namuuliza kila baada ya muda inawasha wapi, na akisema tu inawasha naosha, hata kama zimenyooka nusu. Mtoto simwekei, mama yake akasirike asikasirike. Wapo walionikimbia. Wapo pia wanaoniletea mabinti zao niwasuke hivihivi walivyo, na saluni haijawahi kuwa na makelele kama sasa.

Nywele za binti yangu zilirudi zote, nene, ngumu, zinavunja vitana. Kilichochelewa kurudi ni mdomo wake. Kila nilipomsuka nilimuuliza kama naumiza, naye akajibu, "Hapana, mama," mabega yakiwa yamempanda mpaka masikioni. Nilijua ananidanganya, na nilijua alijifunzia wapi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namsuka twende kilioni, saluni imejaa watu. Ana miaka kumi na miwili sasa. Nilikuwa nabishana na mteja juu ya harusi ya jirani, mkono ukakaza bila mimi kujua. Akaudaka.

"Mama, unanivuta. Fumua huo mstari, uanze upya."

Mteja akaguna. "Watoto wa siku hizi wana mdomo."

"Wanao," nilisema, machozi yakinilenga. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri na ulibaki kidogo tu kumalizika. Niliufumua wote.