Tone la Maji Ukutani

Nilichoka kuona wanafunzi wakinakili tu ninachosema. Kwenye simu nilijifunza kupitisha mwanga wa leza katika tone la maji linaloning'inia kwenye sindano, vijidudu vionekane ukutani. Msichana mmoja wa mtaa wa Mabanga alileta maji ya kwao, yaliyochotwa ziwani. Nilipowasha leza, vivuli vikaanza kuogelea ukutani.

"Kumbe kwenu nyama haikosake, hata ndani ya maji," mwenzake akamtania. Darasa likacheka, msichana hakucheka. Niliposema maji hayo yachemshwe kabla ya kunywa, aliinua mkono.

"Mwalimu, tutachemsha na nini? Kwetu makala ya kuwasha moto ni ya chakula tu."

Kwa mujibu wa fiche yangu, karatasi ya maandalizi ya somo, lengo lilikuwa limefikiwa. Niliiweka kando. Kesho yake tulilaza chupa za maji juu ya bati, tupime kama jua linaua vijidudu. Asubuhi nzima nilitazama mawingu.