Siku Niliyomficha Mama Kabira Chini ya Meza

Wageni wa heshima kutoka Riyadh waliniona mara ya kwanza nikiwa chini ya meza, sufuria kichwani, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto, lakini ngoja niwaeleze polepole, maana ukifuata hatua kwa hatua utaona kwamba hata wewe ungefika pale.

Nafanya kazi Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, na kazi yangu kubwa ni kumtunza mama mzazi wa baba mwenye nyumba, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Macho yake hayasomi tena maandishi ya Kiarabu ya kwenye televisheni, na kipindi anachokipenda ni kichekesho cha zamani cha Kiingereza, cha askari waliokwama kambini wakati wa vita, kwa hiyo mimi ndiye mfasiri, na kwa kuwa Kiarabu changu ni cha jikoni, nisichoweza kukisema nakiigiza. (Kumwelewesha mtu kunataka subira, na magoti pia.)

Kuna sehemu moja ya kipindi hicho tuliyoirudia mpaka tukaikariri: nahodha mlafi anataka kula kuku peke yake, basi kila chakula kikiiva anapiga king'ora cha ndege za adui, askari wanajitupa chini ya meza, mpishi akiwa na sufuria kichwani, na nahodha anabaki juu akitafuna. King'ora kikilia, nami najitupa sakafuni, sufuria ndogo ya maziwa kichwani, Mama Kabira anajifunika mto, tunacheka mpaka anatafuta leso.

Siku hiyo madam alikuwa anawangoja wifi zake, mabinti wa Mama Kabira, waje kutoka Riyadh kuona mama yao anavyotunzwa. Asubuhi aliniambia, "Mueni, leo usinitie aibu. Wakiondoka salama, tutaongea habari ya likizo yako."

Nilikuwa na miaka miwili na miezi minne sijafika Kitui. Binti yangu Mwende nilimwacha hajui herufi, na sasa alikuwa ananisomea hadithi kwa simu.

Basi nikapanga tende na vikombe vya kahawa mezani, nikatandika kitambaa kinachofika chini, nikabandika nyama kwenye sufuria ya presha, kisha nikaamua kukaa na Mama Kabira dakika tano tu. (Hizo dakika tano ndizo zilizoniponza.) Kiyoyozi kilikuwa kinanong'ona, mapazia yamegeuza jua kuwa rangi ya asali, na kwenye kioo cha televisheni askari walitembea taratibu, kwa picha nyeusi na nyeupe, mpaka nikaona wanatembea uani kwetu, wanaanika sare zao kwenye kamba ya mama, na Mwende anawasomea hadithi, nao wametulia kama watoto.

Halafu king'ora kikalia.

Nilimshika Mama Kabira kiuno, nikanyakua sufuria ndogo ya maziwa, tukaingia chini ya meza, nikamkumbatia nikisema kwa Kikamba asiogope. Ilikuwa ni presha jikoni inapiga filimbi. Nilizinduka nilipoona jozi nne za viatu vya kike zimesimama mbele yetu, ya nne ikiwa ya madam.

Kitambaa kikainuliwa.

"Ndivyo mama anavyotunzwa hapa?" akauliza wifi mkubwa.

Mimi nikaiona Kitui ikienda zake, na sufuria nikasahau kuivua.

"Shusha kitambaa," Mama Kabira akamwambia bintiye. "Ndege hazijapita."

"Mama, toka."

"Sitoki. Huyu askari wangu ana miaka miwili hajamwona mtoto wake. Hata kwenye televisheni wanapewa likizo."

Wageni wakamgeukia madam.

"Tulikuwa tupange leo, mama," madam akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi pangeni. Mimi nasikiliza hapa hapa."

Ndiyo maana nawasimulia haya nikiwa Kitui, Mwende ameniegemea, na nimejiapiza kwamba presha ikiwa motoni sitakaa chini tena, hata dakika moja. Jana alasiri madam alinipigia.

"Mueni, mama anasema siigizi vizuri. Unaanza na sufuria au na magoti?"

"Sufuria kwanza, madam," nikamwambia. "Magoti yatafuata yenyewe. Usiharakishe, utaweza."