Risasi ni Risasi

Mume wa dada yangu huendesha basi huko Lewisham, na kwa uendeshaji wake sina neno. Kinachonikera ni kwamba akishatazama video moja ya jambo, tayari ni fundi wa jambo hilo. Aliwahi kututengenezea bomba la jikoni. Jirani wa ghorofa ya chini hajatusamehe mpaka leo. Kwa hiyo alipojiunga na klabu yangu ya kulenga shabaha, kisha akanunua mashine ya kujazia risasi, nilijua Mungu ameamua kunipima.

Watu wa nyumbani hushangaa nikiwaambia kwamba London kuna burudani hiyo. Ipo. Bastola za kawaida zimepigwa marufuku, lakini mwenye kibali anaweza kutumia risasi za bastola katika bunduki ndefu ya kukoki kwa mkono. Wengi wetu hujaza zetu wenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya ya kuwashia, baruti, halafu kichwa kinachoshindiliwa mdomoni mwa ganda. Kazi kubwa ni kujua kichwa hicho kizame kiasi gani. Kikichomoza mno, bunduki inakwama. Kikizama mno, baruti inakosa nafasi, na nguvu yake inapanda mpaka itafute njia ya kutokea usoni kwako.

Mimi huanza na ganda tupu, halina baruti wala fataki. Nakishindilia kichwa kidogo kidogo, najaribu kama kinapita bundukini, napima, nalinganisha na kitabu cha vipimo kwa kichwa cha aina ile ile. Inachosha sana. Lakini vidole vyangu vyote ninavyo.

Jumapili moja shemeji alinionyesha kazi yake, ameipanga mezani kama maandazi ya shughuli. Nikaona vichwa si vile alivyovisoma kitabuni. Hivi vilikuwa vizito zaidi na virefu zaidi.

"Kina cha kichwa umekipataje?" nikamuuliza.

"Simple, shem. Kitabu kimetoa urefu wa risasi. Nimepima risasi zangu, zote sawasawa."

"Urefu ule ni wa kichwa kifupi. Wewe umeweka kirefu."

"Risasi ni risasi, shem. Usinipe lecture hapa."

Hapo ndipo lugha yetu ilipomponza. Sisi tuna neno moja tu: risasi ni madini yenyewe, ni kichwa kinachoruka, tena ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Mwingereza ana jina kwa kila kimoja, na kitabu kile ni cha Kiingereza. Shemeji alibadilisha risasi moja akadhani nyingine haikuguswa. Urefu wa nje ulikuwa ule ule wa kitabuni, ndiyo, lakini kile kilichozidi kilikuwa kimeshuka ndani, juu ya baruti, mahali ambapo rula yake haifiki.

Nikamweleza. Nikamchorea. Nikamkumbusha kwamba dereva asiyeona hapewi basi. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Alitabasamu tu, na dada yangu akapaza sauti kutoka jikoni, "Kaka, kwani kila kitu lazima ujue wewe tu?" Nilikasirika, tena sana, kwa sababu nilikuwa nampigania mume wake.

Tukaondoka sote watatu kwenda klabuni, nje kabisa ya Ilford. Njia nzima shemeji alipiga mluzi. Tulipofika alifungua kisanduku chake cha risasi polepole ili wenzetu wakione, naye dada yangu akasimama nyuma na chupa ya chai kuja kumshangilia bwana fundi. Sikungoja. Nikamwambia mbele ya watu kwamba akiingiza hata moja, namwita msimamizi.

Watu wakageuka. Shemeji akaitazama bunduki, akakitazama kisanduku, mkono wake haukwenda popote. Kisha akavisukuma vyote viwili kuelekea kwangu, tabasamu lake lile lile usoni.

"Basi shem, wewe si ndiye mtaalamu? Anza wewe kupiga."

Dada yangu akaacha kumimina chai. Mtu huyu alikuwa amenielewa tangu kule mezani. Alikuwa anatafuta tu macho ya kujaribia yasiyo yake.