Kompyuta Zilizoganda Saa Nne

Wiki ya pili ya Juni Advera aliacha kumwamkia Mzee Renatus, wala si kwa kusahau. Kila ilipotimu saa nne asubuhi, kompyuta za hospitali ya misheni pale Sikonge ziliganda, na saa nne hiyohiyo Renatus, mpiga picha za eksirei, alifunga mlango wake kwa ndani.

"Anapakua filamu huyo," Advera, fundi wa kompyuta, alimnong'oneza Getruda wa mapokezi.

"Umemwona, dada?"

"Pafukapo moshi pana moto."

Jumanne, saa nne ikiwa imepita kidogo, akaletwa kwa baiskeli Mzee Ngollo, mrina asali aliyeanguka mtini akitundika mzinga. Alikumbuka kuwa ipo dawa ya maumivu iliyomdhuru zamani, ila jina lilikuwa limemtoka. Limo kwenye faili lake. Getruda akabofya. Kigurudumu kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Dakika kumi na nane daktari amesimama na sindano mkononi, mzee anauma kofia yake.

Advera hakungoja zaidi. Alikwenda ukumbini akachomoa waya wa mtandao uendao kwa Renatus. "Haya, jaribu sasa!"

Kigurudumu kiliendelea kuzunguka. Mlango ukafunguka, Renatus akatokeza na aproni yake nzito.

"Nani kanikatia? Saa nne naanza kupiga picha, nafunga kwa ajili ya mionzi, binti. Ulidhani nalala?"

Advera akakimbilia chumba cha seva, akafungua orodha ya kazi zinazotumia diski. Moja ilikuwa imeikamata karibu yote: kunakili picha za eksirei kwenda kwenye diski ya akiba. Aliyeipanga: Advera. Alikusudia saa nne usiku, akaandika 10 badala ya 22, na mashine ikatii. Mapicha mazito yalikuwa yakipita mfululizo, na ombi dogo la faili la Ngollo limebanwa nyuma ya foleni.

Akaisimamisha. Faili likafunguka palepale, na daktari akaiweka chini ile sindano, akachukua nyingine.

Kuihamishia usiku peke yake hakungetosha, maana wodi ya wazazi hufungua mafaili saa zote. Kwa hiyo aliiwekea kazi ya kunakili kikomo cha megabaiti ishirini kwa sekunde, akaiamuru diski ihudumie kwanza mafaili ya wagonjwa. Alipopima, faili lilifunguka chini ya sekunde moja. Kunakili kulichukua saa sita badala ya mbili. Na kuchukue.

Kesho yake, baada ya sala ya asubuhi, alisimama mbele ya wote.

"Shikamoo, Mzee Renatus. Nilikusingizia. Kosa lilikuwa langu."

"Marahaba. Nami nilimwambia matroni kwamba unachungulia picha zangu kwa hiyo seva yako."

"Mimi?"

"Nani mwingine ana funguo?"

Watu walicheka, wao wawili hawakucheka. Advera akavuta kiti, akamwonyesha orodha ya kila aliyefungua picha mwezi ule. Renatus alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akaomba na ya Mei.