Diwani Anayepita Bila Kupingwa

Mama Makochi, fundi wa kuvisha viti, alikuwa anafunga karakana yake mumewe alipoingia, hata salamu hana.

"Usiende huko ukumbini," alisema. "Unajua nani aliniingiza kazini."

Alijua fika. Mumewe aliendesha gari la maji la manispaa, na kazi hiyo alitafutiwa na kaka yake, diwani wa kata. Kila uchaguzi diwani huyo alipita bila kupingwa, maana jina lililoruhusiwa lilikuwa moja tu, la chama. Sasa wakazi walikuwa wamepeleka pendekezo kwa baraza la madiwani, lijadiliwe ukumbini jioni hiyo: yeyote mwenye wadhamini wa kutosha agombee, na mpiga kura apange wagombea kwa namba, ili wa kwanza akiondolewa kwa kura chache, kura hiyo imwendee wa pili.

"Simtukani mtu," alijibu, akijikung'uta nyuzi. "Naenda kusema tu."

Ukumbi ulifurika. Shemeji yake alikaa meza kuu na madiwani wenzake. Alipomwona amesimama mbele ya kipaza sauti, tabasamu lilimkauka. Mama Makochi akakivuta karibu.

"Watoto wangu wameshaoa," alianza, "na sijawahi kumpigia kura diwani hata mmoja. Naambiwa tu ameshapita."

Watu wakaangua kicheko. Diwani hakucheka.

"Kumbe hunitaki, shemeji?"

Mlangoni Mama Makochi akamwona mumewe, kofia mkononi, macho chini. Akapiga moyo konde.

"Barabara umetuletea, shemeji, hilo sikatai. Lakini mteja akija kwangu namtandazia vitambaa. Nikimtolea kimoja tu atakichukua, atafanyaje? Ila hajachagua."

Madiwani wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Pendekezo likapita kwa tofauti ya mkono mmoja. Wa shemeji ulibaki mezani.

"Umeniponza," mumewe alinong'ona nje, akavaa kofia na kutangulia nyumbani.

Hakufukuzwa, ila alipewa gari bovu linalovuja, na kaka yake akakata mguu nyumbani kwao. Mama Makochi alishona huku akiidaka kila simu ya mumewe, akihofia ameachishwa kazi.

Uchaguzi ulipokaribia, wagombea wakajitokeza sita. Asubuhi moja diwani akaingia karakanani peke yake, shati limelowa jasho.

"Shemeji, kama namba moja una mtu wako," alisema, "basi mimi nipe namba mbili."

Hakuwahi kumsikia akiomba. Akamwondolea mikasi kwenye kochi.

"Kaa kwanza," alisema. "Tuanze na lile gari la ndugu yako."