Landrova Niliyoitoa kwa Kiyoyozi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ushirika pale Sumbawanga sikushika spana. Fundi Mkuu alinikabidhi kijiti, kikopo cha dawa ya kusagia na kichwa cha injini ya Landrova. Nilitakiwa kusaga valvu, yaani kusugua vile vifuniko vinavyoruhusu hewa kuingia na moshi kutoka, mpaka vikae barabara mahali pake. Mchana nikasema nimemaliza. Akamimina petroli juu yake, ikavuja.

“Kijana, unakimbilia wapi?” akaniuliza. “Hii ikifa njia ya Laela wakati wa masika, utaibeba mgongoni?”

Nilirudia siku tatu. Ninyi mnaobadilisha kila kitu kwa kipya mtanicheka, chekeni tu.

Nilihamishiwa Laela, kisha nikarudishwa mjini na kupewa Landrova ile ile niitunze, maana kila fundi alikuwa na gari lake. Gia zake za chini zilitaka ukanyage klachi mara mbili, ya kwanza kutoa gia, ya pili kuingiza. Bwana Shamba aliyeliendesha alikuwa akikosea, chuma kinalia, nami nagomba. Meneja wa Usafirishaji akaniita ofisini.

“Gari ni la ushirika, si mkeo,” akasema.

“Basi asiyejua gia zake asiliguse,” nikamjibu. Nusura nifukuzwe.

Zikaja enzi za ruksa. Wafanyabiashara binafsi walifuata mahindi hadi vijijini, ushirika wetu ukayumba, karakana ikafungwa. Kiinua mgongo changu kikawa Landrova hiyo. Mke wangu, Mama Justina, alifurahi kuliko mimi. Siku za kazi tulisomba maharage kutoka Kasense, Jumapili tukaenda misa Kaengesa, naye akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kuishinda injini.

Ndipo yakaingia magari ya mtumba kutoka Ujapani. Mfanyabiashara mmoja wa Mazwi alikuwa na gari dogo jeupe, linang'aa, lina kiyoyozi.

“Fundi, mkweche huo mpaka lini?” akaniambia. “Tubadilishane, gari kwa gari.”

Nilikuwa nimechoka kuitwa fundi wa mikweche. Nikampelekea mke wangu habari.

“Kiyoyozi, Sumbawanga?” akashangaa. “Huku tunalala na mablanketi mawili, Baba Justina!”

Nikabadilisha hivyo hivyo. Masika ya kwanza gari jeupe lilikaa kwa tumbo kwenye tope la Kaengesa, tukaenda misa kwa miguu. Kiyoyozi sikukiwasha hata siku moja. Mama Justina hakunisuta, ila ndani ya gari lile hakuimba tena. Sasa ni marehemu, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzi juzi vijana wa gereji ya jirani walinijia.

“Shikamoo, mzee. Kuna mgeni, gari lake linakohoa, na hatuoni pa kuchomeka kompyuta.”

Nikaenda. Ilikuwa Landrova yangu, imepakwa rangi mpya na viti vimevikwa ngozi, lakini kiraka nilichochomelea chini ya dashibodi kilikuwepo. Nilisafisha kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa.

“Haya magari siku hizi hayapatikani, mzee,” mwenyewe akajigamba. “Watu wananifuata mpaka nyumbani, nakataa. Umewahi kuendesha kama hili?”

“Kidogo,” nikasema.

Akauliza anipe nini. Nikamwomba nikae ndani kidogo. Alidhani nimechoka, akanifungulia mlango wa abiria, upande wa kushoto.

Nimestaafu, muda wa kujuta ninao mwingi, na nilizoea kuijutia injini. Lakini miaka yote ile nilikuwa kwenye usukani, kiti cha mke wangu sikuwahi kukikalia. Gurudumu la akiba juu ya boneti linaziba barabara. Ukikaa pale ukiimba, unayemwona vizuri ni dereva.